Shingo ya Mama Mwenyekiti

Vijana wa karakana wameniomba niandike. Walisema, "Mama Rosa, tuandikie vile kazi ilikuwa zamani, tusome." Sina hakika kama watasoma. Tulipowabandikia ukutani maneno ya kuwakumbusha kuzima jiko, hawakusoma, na jiko lilikuwa linawaka palepale chini ya hayo maneno. Lakini nimeacha kazi, mikono imezoea kushika kitu, na kalamu ni nyepesi kuliko koleo. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Na nikimsema mtu vibaya nitajaribu kusema na mazuri yake, hata kama itabidi niyatafute.

Habari za vyeo sitaziandika. Havikuwa vingi. Kulikuwa na mwenyekiti, makamu wake, halafu sisi wa kupiga makofi.

Nilifika kwenye kikundi chetu cha akina mama wa shanga mwanzoni mwa miaka ya themanini. Karakana ilikuwa chumba kirefu cha mabati huko Nyalenda, mtaa wa Kisumu, joto lake mchana la kuoka mkate. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo chenye kitanda, sanduku na dirisha lisilofunga vizuri. Hapo aliishi Mama Dorka, mzee wetu na mwalimu wetu. Alikuwa mtu wa upande wa Usenge, ufukweni mwa ziwa, na kabla ya shanga alikuwa akishona nyavu zilizopasuka. Mumewe alipofariki, mashemeji waliikagua nyumba, wakamkagua na mjane, wakaona nyumba ndiyo yenye faida. Dorka akaja mjini na sindano zake. Makubaliano ya kikundi yalikuwa mafupi: afundishe, na maadamu anafundisha, chumba ni chake. Sikuyafikiria sana maneno hayo wakati ule. Nilikuwa na mawazo yangu, hasa ya njaa.

Siku ya kwanza nilidhani nitatengeneza mkufu. Nilikuwa nimevaa rinda zuri kwa sababu hiyo. Dorka alinipa sahani ya bati aliyoitandika kipande cha blanketi, ili shanga zisiteleze, akamwaga juu yake rundo la shanga nyeupe.

"Toa zenye zimenenepa," alisema.

Niliangalia. Kwangu zote zilikuwa sawa.

"Mama, hizi zote ni moja."

"Nyathina," alisema, na hivyo ndivyo alivyomwita kila mtu aliyekuwa mdogo kwake, yaani mtoto wangu, "shanga moja nene kwa mkufu ni kama mlevi kanisani. Wengine wote wamekaa vizuri lakini watu wataangalia yeye."

Basi nilikaa siku nzima nikitafuta walevi. Jioni alipitisha kidole juu ya sahani yangu mara moja tu, akawatoa wengine ambao sikuwaona, akasema kesho nije tena na nisivae nguo ya harusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe yangu ya kuajiriwa.

Vifaa vyetu nitavitaja, maana siku hizi mnadhani kila kitu huja ndani ya pakiti. Uzi wetu ulikuwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, tuliouagiza kwa watu wa ufukweni. Tuliupitisha kwenye kipande cha mshumaa ili usikatike na usijikunje. Kutobolea mifupa tulitumia spoki ya baiskeli iliyotiwa moto kwenye jiko. Ndiyo, mifupa. Mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, walipokuwa wengi na viwanda vikawa vinachukua nyama tu, mifupa ilizagaa mjini, na Dorka aliona zile pingili za mgongo akasema Mungu ameshazikata shanga, sisi ni kutoboa tu. Zilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilijitokeza wakati wa mvua. Mteja alirudisha mkufu akilalamika kwamba paka wa jirani amemfuata hadi mlangoni mwa kanisa, akamngoja nje, na baada ya ibada akamrudisha nyumbani. Dorka hakubisha. Alianza kuzichemsha pingili kwa maji ya majivu, kuzianika sana, kisha kuziloweka kwenye majani ya chai zipate rangi. Paka wakaacha kwenda kanisani.

Sasa nifike kwa Mama Perpetua, mwenyekiti wetu, ambaye nimekuwa nikimwogopa hata kumwandika.

Alikuwa mwanamke mkubwa, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na hakuna mlango mdogo aliowahi kuuingia bila kuutolea maoni. Mkutano ulioanza kwa maombi yake ungeweza kuisha kwa maombi yake bila jambo lolote kuingia katikati. Alipenda semina. Alirudi kutoka semina moja akatuambia kwamba sasa tumewezeshwa. Tuliuliza tumewezeshwa nini, akasema hilo litafundishwa kwenye semina ya pili. Lakini nisimwonee. Yale mabati yaliyotufunika ni yeye aliyeyapata, akizunguka ofisi moja baada ya nyingine na kukaa kwenye mabenchi ya watu mpaka wakaona rahisi kumpa mabati kuliko kuendelea kumwangalia. Hakuna mwingine kati yetu aliyekuwa na makalio ya kazi hiyo, wala moyo wake.

Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba hakuna mwanachama kuvaa mali ya kikundi, hata kwa kujaribu. Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Kwetu kila Jumamosi kuna mazishi, na kwenye mazishi ndiko watu huonekana. Wanachama walikuwa wakiazima mikufu Ijumaa kwa nia ya kuomboleza, na Jumatatu inarudi na vumbi la kaburini, supu kwenye uzi na shanga zimepungua. Perpetua alisimama siku moja akasema, "Kuanzia leo, mkufu wa hapa haugusi shingo ya mtu yeyote mpaka mnunuzi alipe." Tulipiga makofi. Ilikuwa sheria nzuri, na mbele mtaona ilivyotutendea.

Kwa miaka mingi mikufu yetu tuliionyesha juu ya chupa za soda. Kwa mkufu mrefu chupa inatosha. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, akaja Mama Njeri.

Mama Njeri alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Murang'a, mwenye duka mjini Kisumu karibu na hoteli ambako wageni walishukia. Alikuwa mtu wa haraka; alikusalimia akiwa ameshaanza kuondoka. Alitaka kola: mkufu mpana wa safu nyingi unaokaa shingoni palepale, umebana kidogo, kama kola ya shati. Alituletea shanga zake mwenyewe, nzuri za kioo, na akatuambia kama kazi itampendeza atakuwa akichukua kwetu tu. Kwa kikundi kilichokuwa kikitegemea harusi na wageni waliopotea njia, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Dorka alisema kola haiwezi kushonwa juu ya chupa. "Shingo si chupa. Chini ni pana, juu ni nyembamba, na mbele imelala. Tutengeneze shingo."

Alijua namna. Unamkalisha mtu, unamfunga kitambaa chepesi na juala la plastiki shingoni na mabegani. Unachana magazeti vipande vyembamba, unaviloweka kwenye uji wa unga wa muhogo, unabandika safu juu ya safu. Ikishika, unapasua kwa mkasi nyuma, unamtoa mtu wako, unaunganisha tena, unaanika juani, unapiga msasa, unajaza vumbi la mbao, unavika kitambaa cheusi. Na hapo kwenye kuunganisha ndipo penye siri ya kazi. Karatasi ina unene, kwa hiyo Shingo itakuwa kubwa kuliko shingo ya mtu. Lazima ukate ukanda nyuma kabla ya kuifunga, ipungue irudi kwa kipimo cha nyama. Vijana, hili andikeni mahali, si ukutani.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua mtu wa kukalishwa. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani tutatafuta shingo ya kawaida. Nilikuwa nimesahau kwamba tuko kwenye kikundi.

Mkutano uliitishwa. Mama Jenifa, makamu, ndiye aliyeanza. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kama kifurushi cha posta, na kwa muda mrefu alikuwa akikitamani chumba cha Dorka akiuzie soda. Nasema hivyo kwa sababu alilisema waziwazi. Jenifa hakuwa mtu wa siri, na hilo ni zuri lake.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Hii shingo itakuwa ya kikundi, sivyo? Sasa shingo ya kikundi inaweza kuwa ya nani kama si ya mwenyekiti?"

Makofi. Perpetua aliangalia chini kwa unyenyekevu aliokuwa amejifunza kwenye kwaya. "Kama ni mapenzi ya wanachama," alisema, akafungua kifungo cha juu.

Dorka alikohoa. "Perpetua, mama, shingo yako ni nzuri. Lakini kola itavaliwa na watu wa kila aina. Tukichukua ya katikati..."

"Mimi si wa katikati?" Perpetua aliuliza.

Hata kuku waliokuwa nje walinyamaza, ingawa labda hilo naliongeza.

"Wewe ni wa mbele," Dorka alisema mwisho, na jambo likapita.

Alikaa kwenye kiti katikati ya karakana, nasi tukimzunguka kama tunapaka rangi benki. Uji ulikuwa wa baridi. Kipande cha kwanza kilipomgusa aliruka. "Yawa! Mnataka nipate nimonia?" Akaagiza leso iletwe, ikafungwa juu ya kile kitambaa. Bado baridi. Ikaletwa ya pili. Dorka aliniangalia, nami nikaangalia magazeti. Tulikuwa sasa tunabandika karatasi juu ya nguo zinazotosha kumfunika mtoto akalala.

Na lazima niseme alivumilia. Alikaa bila kugeuza kichwa, akitoa amri kwa macho. Ilipokauka Dorka alipasua nyuma, akamtoa, akashika mkasi tena ili akate ule ukanda.

"Unafanya nini?" Perpetua aliuliza.

"Napunguza. Karatasi na leso zimeongeza."

"Utapunguza shingo yangu?"

"Si yako, mama. Ya karatasi."

"Imetoka kwangu. Watu wote wameona. Sasa ikipunguzwa, itakuwa ya nani? Funga hivyohivyo."

"Perpetua, kola itakuwa kubwa."

"Mzee, kila kitu changu ni kubwa na sijawahi kusikia mtu amelia. Funga."

Dorka alifunga. Kuna watakaosema angekataa. Huenda. Lakini wao hawakuwa wakilala kwenye chumba cha kikundi.

Ile Shingo ilipokwisha kuvikwa kitambaa cheusi kilichotoka kwenye joho la zamani la kwaya, ilikuwa kitu cha kutazamwa. Ilisimama kwenye ubao wake kama inataka kuhutubia. Wanachama walioingia walimsalimia Perpetua kwanza, halafu wakaisifu Shingo, halafu wakamsifu tena Perpetua. Jenifa alisema inafanana naye hata kwa heshima. Haikuwa na kichwa, lakini sikubisha.

Tulishona. Kola zilikuwa kazi bora ya mikono yetu, hilo nitalisema hata mahakamani. Safu juu ya safu, nyekundu, nyeupe na ile buluu iliyokolea, kila shanga imechaguliwa, hakuna mlevi hata mmoja. Tukimaliza tunaivika Shingo, na juu ya Shingo ilikaa kama imezaliwa pale. Nilimwambia Dorka tujaribu moja kwa shingo ya mtu. Alielekeza kidevu ukutani, ilipobandikwa ile sheria ya Mama Mwenyekiti. Nilimfuata Perpetua mwenyewe nikamwomba ruhusa. Alinisikiliza vizuri, akaniambia, "Rosa, leo ni kujaribu, kesho ni mazishi ya shangazi yako." Na kwa haki, shangazi yangu alikuwa kweli mgonjwa.

Mama Njeri alikuja kabla ya mchana, siku ya mvua za manyunyu. Tulikuwa tumefagia. Kola zote zilikuwa zimepangwa mezani, na moja ilikuwa juu ya Shingo. Aliingia, akasimama. Uso wake ulilegea, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule hana haraka.

"Hizi ni nzuri," alisema. "Hizi ni nzuri sana."

Perpetua alivuta pumzi ya hotuba. Lakini Njeri alikuwa ameshachukua kola moja, akaizungusha shingoni mwake, akafunga nyuma, akaachia mikono.

Ilishuka. Haikusita popote. Ilipita shingo, ikagonga mabega, ikalala pale imelegea kama tairi la baiskeli lililotupwa juu ya mti. Njeri aliiangalia. Akaivua bila kuifungua, kupitia kichwani, na hata masikio hayakuigusa. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu, akamvika Jenifa aliyekuwa karibu, na Jenifa aliingia ndani yake na kitambaa chake cha posta.

"Ni mkufu huu," Njeri aliuliza, "ama ni kamba ya kufungia ng'ombe?"

Akatupitishia macho, mmoja baada ya mwingine.

"Nani alipima hii kazi?"

"Ni huyu mzee," Jenifa alisema haraka, akijitoa kwenye kola. "Ni yeye mwalimu. Macho yake imeisha, hata sisi tumekuwa tukisema."

Njeri alimwangalia Dorka, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake na sahani magotini. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuja na shanga nzuri akakuta matairi. Alisema bila kupandisha sauti, "Mimi siwezi fanya kazi na watu wenye wanapimiwa na mtu haoni. Mnaweza chagua. Mtafute mwingine wa kupima na kufundisha, ama nichukue shanga zangu niende."

Hapo ndipo nilipoyasikia tena yale makubaliano mafupi: maadamu anafundisha. Jenifa aliyasikia pia. Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa nyuma, nami nikajua anahesabu kreti za soda zitaingia ngapi. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema habari ya leso mbili na ule ukanda. Dorka alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, na alipokanyaga hakunitazama. Nilielewa baadaye. Kumwaibisha mwenyekiti mbele ya mgeni kungemtoa Dorka chumbani haraka zaidi kuliko macho mabaya.

Njeri aliisogelea Shingo. Akaipima kwa viganja viwili, vidole havikufikiana, akainyanyua. Akacheka, na nadhani alicheka ili kupunguza hasira.

"Na hii mliiokota wapi? Hii ni shingo ya mtu kweli? Hii ni ya fahali!"

Mtu nyuma alicheka kidogo, halafu akageuza kicheko kuwa kikohozi. Nilimwangalia Perpetua. Sisi sote tulimwangalia, kwa ile namna ya kuangalia ukutani karibu na mtu. Jambo lilikuwa rahisi kwake. Angenyamaza tu. Njeri hakujua, na hakuna kati yetu ambaye angethubutu kumwambia. Mzee angeondoka, shanga zingebaki, kikundi kingeendelea, na ile shingo ingekuwa ya mtu asiyejulikana.

Perpetua alisimama. Alichukua muda, maana kusimama kwake kulikuwa na hatua zake.

"Ni yangu," alisema.

Njeri aligeuka.

"Hiyo shingo unacheka ni yangu. Mimi ndiyo nilikalia kiti, wakanibandika magazeti. Mzee alisema ipunguzwe, mimi nikakataa. Mzee alisema tuchukue ya mtu wa katikati, nikakataa pia. Macho yake haina shida. Kuna mwenye ana neno?"

Jenifa alikuwa nalo lakini alilimeza.

"Mama, pole," Njeri alisema, na nilimwonea huruma, maana alikuwa bado amekumbatia Shingo kwa mikono miwili na hakujua aishushe wapi. "Mimi sikujua."

"Sasa umejua. Ukiwa na maneno ya shingo, ongea na mimi. Mzee muwache. Na uweke hiyo chini polepole, ni ya kikundi."

Njeri aliiweka chini polepole.

Sasa, kwa haki, kuna kitu nataka kiandikwe, kwa sababu nimemcheka mama huyu kurasa zote hizi. Shingo ya Perpetua haikuwa vile. Ilikuwa nene, ndiyo, yenye mikunjo mizuri mitatu ambayo wanaume wa kwaya waliiimbia bila kujua. Lakini nusu ya kile alichoshika Njeri ilikuwa leso na uji wa muhogo. Perpetua angeweza kujitetea kwa hilo. Hakujitetea. Aliichukua yote, na fahali ndani yake.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kufumua. Njeri alikubali kungoja, kwa sharti kwamba Shingo mpya itengenezwe akiona. Jenifa alisema, kwa mujibu wa katiba, kama si mwenyekiti basi ni makamu, na alikuwa ameanza kulegeza kitambaa. Dorka alizunguka karakana na futi ya fundi, akatupima wote, Njeri pia, na ya Njeri ndiyo iliyokuwa katikati. Akakalishwa. Aliyeshika bakuli la uji alikuwa Perpetua, na aliomba mwenyewe kubandika kipande cha kwanza. Sijawahi kusikia mfanyabiashara akipiga yowe kama lile.

"Ni baridi, ee?" Perpetua alimwuliza kwa upole. "Leso hatuna."

Dorka alikata ule ukanda nyuma bila kumwuliza mtu. Tuliandika sheria mpya kwamba kila kola ijaribiwe kwa shingo ya mtu, hapohapo karakana, mlango ukiwa umefungwa, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Njeri alichukua kazi zetu kwa miaka mingi. Ile Shingo ya kwanza Perpetua aliipeleka nyumbani kwake, akaiweka sebuleni juu ya kabati, na wageni walipouliza aliwaambia ni yeye.

Swali langu lilibaki. Nimekuwa nikilibeba kazini miaka yote, na sina uhakika kama ni swali la maana au ni kiherehere tu. Je, mama yule alisimama kwa ajili ya Dorka? Au hakuvumilia tu shingo yake iitwe ya mtu mwingine, hata kama huyo mwingine ni ng'ombe? Namfahamu Perpetua. Alikuwa anaweza kufanya la pili kwa moyo wote na likatoka kama la kwanza. Nimelipima huku na huku na mizani haitulii.

Kwa hiyo nilimwuliza Dorka. Ilikuwa miaka mingi baadaye, siku hizo hata tundu la sindano halioni tena kwa kweli, na sisi ndio tuliokuwa tukimtungia uzi, huku yeye akichambua shanga kwa kidole na bado akiwakamata walevi wetu. Alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chake akiota jua. Nilimweleza vile nimefikiria, upande huu na upande ule, na kwa nini kila upande una haki yake. Alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa na subira na wajinga.

"Nyathina," alisema, "ile siku mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Mimi nililala kwa kitanda yangu."